Dirisha la Shiro

Juzi mtoto wa jirani aliokota jiwe langu mlangoni akaenda nalo kupasulia njugu. Nilitoka mbio bila viatu nikamfokea kama mtu aliyeibiwa gari. Mama yake akachungulia, akaniangalia kutoka juu hadi chini, akasema, "Dada, si ni jiwe tu?" Nikasema ndiyo, ni jiwe tu, nikalichukua nikalifuta kwa kanga. Rangi nyekundu ya kucha imebaki kidogo sana, kwenye kishimo ambacho mvua haikifikii. Kisha nikalinusa, usiniulize kwa nini. Halina harufu yoyote siku hizi, lakini pua ilinirudishia matope ya Dam, magugu yaliyooza na ugali mkavu uliokandwa na mate ukawa chambo, na sikuweza kutulia tena mpaka jioni.

Kutulia kwenyewe sijawahi kujua. Mama alikuwa akisema nilizaliwa na siafu miguuni. Ndiyo maana nikimwambia mtu kwamba utotoni nilikuwa mvuvi, tena wa fainali, anacheka. Mvuvi anakaa. Mimi nilivua nikiwa nimesimama, nikihama mguu huu na ule, nikiivuta ndoano kabla samaki hajaigusa. Lakini nilikuwa na kitu kimoja kilichonisaidia: nilipenda sheria. Nilizijua zote, na ukivunja moja nilikuwa tayari kubishana na wewe hadi giza liingie.

Wa rika langu mliokulia upande ule wa Kibera mnaikumbuka Dam. Wengine mlipita tu juu barabarani mkaona uwanja wa kijani chini ya majumba ya Highrise, mkadhani ni malisho ya ng'ombe. Yalikuwa maji. Gugumaji lilikuwa limeyafunika yote, na ili uvue ilibidi ufungue dirisha: unasimama ukingoni na fimbo ndefu, unasukuma magugu, unayavuta, unayang'oa, mpaka upate maji meusi yenye upana wa mlango. Hilo ndilo lilikuwa dirisha lako. Usipolihudumia siku mbili tatu, au upepo ukigeuka, magugu yanarudi na kulifunga kana kwamba hujawahi kufika hapo. Kazi ya kufungua dirisha ilikuwa kubwa kuliko uvuvi wenyewe, na ugomvi wetu wote ulianzia hapo.

Kutokana na ugomvi huo zikazaliwa sheria. Ya kwanza ilikuwa ya jiwe. Kila mtu aliweka jiwe lake ukingoni mbele ya dirisha lake, lenye alama yake, na jiwe likiwa pale dirisha lina mwenyewe mpaka ligi iishe. Hata kama ametumwa mafuta ya taa, hata kama ana homa, hata kama amechapwa na kufungiwa ndani, hakuna anayetupa ndoano pale. Ligi ikiisha, mawe yote yanatolewa na tunavuta vijiti upya. Ya pili ni kwamba samaki lazima akubali. Ndoano ikimshika mdomoni, amekubali, huyo ni wako. Ikimnasa tumboni au mkiani, umemburuta tu, hahesabiwi. Ya tatu ndiyo niliyoipenda kuliko zote: refa wako ni mpinzani wako. Ukivua samaki, yule unayeshindana naye anaweka fimbo yake chini, anakuja kutazama, na ndoano haitolewi kabla hajaiona. Samaki ambaye refa hajaona hahesabiwi. Baada ya hapo samaki anarudishwa majini, kwa sababu mama zetu wote walikuwa wameapa kwamba mtu akileta nyumbani samaki wa maji yale ataliwa yeye.

Mkubwa mmoja wa Highrise aliwahi kusimama akituangalia, akauliza inawezekanaje umpe adui yako akuhesabie. Odhis, mvulana aliyejua kujibu watu wazima, akamwambia, "Sasa unataka tupee rafiki yetu?"

Desemba ile ya uchaguzi tulibaki wawili kwenye fainali, mimi na Shiro. Nyumba zetu zilitazamana katika ploti moja, mlango kwa mlango, na kati yetu ulipita mfereji ambao tuliruka mara nyingi kwa siku bila kuutazama. Babake alishona viatu. Babangu alitengeneza majiko na masanduku ya bati karibu na soko la Toi. Shiro alikuwa kinyume changu kwa kila kitu. Alikaa ukingoni kama mtu anayengoja uji upoe. Hakusema, hakujikuna, hata mbu wakimuuma. Jiwe lake alilipaka rangi ya kucha ya mamake, nyekundu, msalaba mdogo. Nilimwonea wivu, na nilitaka kumshinda kuliko nilivyotaka nguo ya Krismasi. Nataka ieleweke kwamba nilitaka kumshinda kihalali. Ushindi ambao mtu angeweza kuubishia sikuutaka.

Wa kwanza kufikisha samaki kumi ndiye angekuwa bingwa. Krismasi ikapita, wakubwa wakaenda kupiga kura, wakarudi na vidole vyenye wino, wakakaa karibu na redio kungoja. Sisi tulikuwa tisa kwa tisa.

Siku ile ya mwisho nilimpitia Shiro mapema kuliko kawaida. Mlango ulikuwa wazi nikaona godoro lao limeviringishwa na kufungwa kamba, limesimamishwa ukutani. Nikadhani wanatafuta kunguni. Sisi wenyewe tulikuwa tumewatafuta wiki hiyo hiyo, kwa maji ya moto, kwa hiyo sikuuliza. Mamake alikuwa amepiga magoti akipanga vyombo ndani ya beseni na hakuniitikia. Shiro alitoka na fimbo yake bila kusema neno, na hilo halikunishangaza.

Tulivua mchana kutwa bila kupata kitu. Wale wengine walikuja kutazama wakachoka wakaenda. Jua lilipoanza kulegea, kelele zilitoka kwenye roshani za Highrise, kwanza kama za mpira, goli likiingia, halafu si kama za mpira tena. Kisha upande wa pili, huko Kibera ndani, zikajibu. Nikageuka. Moshi ulikuwa unapanda juu ya mabati, mweusi, umenyooka. Sijui nilitazama kwa muda gani. Niliposikia maji yakipigwa nikageuka tena, na Shiro alikuwa ameshika kambare mkubwa kuliko wote tuliowahi kuvua mwaka ule, kwa mikono miwili, na ndoano tayari ilikuwa imetoka.

"Alikuwa wa wapi?" nikapiga kelele.

Hakunitazama. "Wa tumbo," akasema. "Nilimburuta tu."

Akamwachilia. Kambare akakaa kidogo juu ya maji kama asiyeamini, akazama.

"Bado tisa," Shiro akasema.

Nilifurahi, tena furaha ile mbaya ya mtu aliyeponea chupuchupu. Na papo hapo nikamheshimu kuliko nilivyowahi kumheshimu mtu yeyote, kwa sababu sikuwa nimeona, na angeweza kuniambia lolote. Lakini baba alikuwa anateremka ukingoni akikimbia, nyundo bado mkononi, akiniita jina langu lote. Alitushika sote wawili mikono, mmoja huku mmoja huku, akatuvuta. Tulipofika mlangoni Shiro akaniambia, "Theu, usiruhusu mtu dirisha langu."

"Nani atagusa? Si jiwe liko?"

"Kesho?"

"Kesho," nikasema.

Kesho yake mlango wao ulikuwa na kufuli. Walikuwa wameondoka kabla watu hawajaamka. Mama alisema wameenda kwa shangazi yake Shiro, Kawangware. Nikauliza watarudi lini, akaniambia ninywe chai ninyamaze. Chai ilikuwa ya strungi, bila maziwa, na nje palinuka mpira unaoungua. Nikauliza tena. Nilikuwa mtoto wa kuuliza tena.

Siku zile tulikaa ndani, na kwangu mimi kukaa ndani kulikuwa adhabu kuliko hofu. Nilizunguka meza. Nilihesabu misumari ya paa, nikapoteza hesabu, nikaanza upya. Wakubwa walisema hesabu za kura zimeibwa, wengine wakasema hazikuibwa, na mimi nilimwuliza baba refa alikuwa nani. Akaniambia nikae chini. Nikamwambia kama angekuwa mpinzani, tungejua. Baba akasema kwa upole wa kunitisha, "Mutheu, usirudie hayo maneno nje."

Siku moja vijana walipita ploti yetu wakiuliza kila mlango ni wa nani, na wa kabila gani. Sisi watu wa Machakos hatukuhesabiwa upande wowote, baba alisema, na kwa jinsi alivyolisema nilijua kwamba jambo hilo halimtulizi hata kidogo. Walipoondoka alichukua msumari akachora kwenye bati la mlango wetu jina la kijiji chake, herufi kubwa, ili ajaye asome asiulize. Jirani mwingine alichora kwa chaki. Mama Halima, Mnubi mwenye ploti, aliyezaliwa hapo hapo kabla nyumba nyingine hazijajengwa, hakuchora chochote; alikaa kwenye kiti mlangoni pake na kuwatazama vijana mpaka wakaangalia pembeni.

Mimi nikaelewa. Yaani nilidhani nimeelewa, na niliruka kwa furaha: kumbe hata wakubwa wana sheria ya jiwe! Unaweka alama yako, na mahali panabaki pako mpaka ligi iishe. Ila mlango wa kina Shiro haukuwa na alama yoyote, na wao hawakuwepo kuiweka.

Mchana mmoja mama alipovuka kwenda kuomba chumvi, nikatoka. Nilikimbia hadi Dam. Hapakuwa na mtu. Fimbo zetu zilikuwa zimelala ukingoni, na madirisha yalikuwa yameanza kujifunga. Jiwe la Shiro lilikuwepo. Nililichukua, halafu nikasimama pale nimekwama, kwa sababu kulitoa ni kumfungulia kila mtu dirisha lake. Basi nikavua patipati yangu ya kushoto nikaiweka mahali pa jiwe, nikarudi mbio na mguu mmoja mtupu. Nililiweka jiwe kwenye kizingiti cha Shiro, msalaba mwekundu ukitazama juu. Mama alipoona nimepoteza patipati wakati kama ule alinichapa, na nililia, lakini ndani yangu nilikuwa nimetulia kwa mara ya kwanza tangu moshi ule.

Baba alipoliona lile jiwe aliniita. Nikamweleza sheria yote kuanzia mwanzo. Alichuchumaa, akalishika, na nikaona anataka kulitupa. "Mama," aliniambia, maana akinionea huruma aliniita hivyo, "hiyo rangi nyekundu hujui watu wataisoma vipi." Hakulitupa. Aliligeuza tu, msalaba ukalala chini. Alipoingia ndani nikaligeuza juu. Asubuhi nilikuta limegeuzwa chini. Tuliendelea hivyo siku nyingi, mimi na yeye, bila yeyote kumwambia mwenzake kitu.

Kisha Mama Halima akaja na mwanamke mwenye watoto watatu na sufuria mbili. Alimwomba baba msumeno wa chuma. Baba akasema hapana. Mama Halima akasema, "Hawa wamefukuzwa Kawangware. Kanisa limejaa, wanalala nje. Chumba hakiwezi kukaa bure na watoto wako kwa baridi. Wenyewe wakirudi, tutaongea. Wewe unadhani mimi sijui kukosewa mahali pangu?"

Baba akawatazama wale watoto. Halafu akaingia ndani akatoka na msumeno. Nilipiga kelele. Nilisema kuna jiwe, hamwoni kuna jiwe, ligi haijaisha. Mama akanishika mdomo. Sauti ya chuma kikikatwa ninaisikia hata sasa meno yakiniuma. Baba alipomaliza hakumpa mtu ile kufuli. Aliitia mfukoni akaenda zake.

Mkubwa wa wale watoto alikuwa msichana wa umri wangu, Nekesa. Nilimngojea nje kama mtu anayengoja vita.

"Hiyo nyumba iko na mwenyewe," nikamwambia.

"Najua," akasema. "Hata yetu iko na mwenyewe."

"Yenu iko wapi?"

"Kawangware. Kabiro, hapo nyuma ya kinu cha posho."

"Si murudi huko basi."

"Kuna watu ndani."

"Kwani hamkuweka jiwe?"

"Jiwe gani?"

Nikamweleza. Nilieleza kwa hasira, mate yakiruka, kuhusu dirisha na msalaba na fainali. Alisikiliza yote. Mwishoni akauliza, bila kejeli, "Na hao watu wako ndani kwetu, wanajua hiyo sheria?"

Nekesa akainama. Nikadhani analisukuma jiwe kando, nikakunja ngumi. Aliligeuza tu, msalaba ukaangalia juu, akalirudisha pale pale kizingitini. "Wacha likae," akasema. "Sisi tutaruka." Na kweli waliruka. Mamake akiwa na ndoo ya maji kichwani aliruka. Yule mdogo asiyejua kuruka alipanda juu ya jiwe kwa makalio akashuka upande wa pili. Baba hakuligeuza tena.

Wakubwa wa siasa walipopeana mikono kwenye televisheni na barabara zikafunguka, tulirudi Dam. Patipati yangu haikuwepo. Dirisha langu lilikuwa nusu. La Shiro lilikuwa limefungwa kabisa, ungedhani ni shamba la sukuma wiki. Odhis alikuwa amefika kabla yangu, na wengine walikuwa wamekubaliana.

"Wewe ndiye bingwa, Theu," akasema. "Shiro hajatokea. Umeshinda ya mezani."

"Ligi haijaisha."

"Maze, ameenda! Hatarudi. Tutoe mawe tuvute vijiti, si tutakaa hapa tukingoja mtu wa Kawangware mpaka lini?"

"Sheria inasema hata kama ana homa."

"Hii si homa!"

Nilimrukia. Walitutenganisha. Naona aibu kidogo kusema kwamba kulikuwa na sekunde moja, kabla sijamrukia, ambapo neno bingwa lilinipendeza. Lakini ningeulaje ushindi ule? Ningetembea nao vipi? Kila mara ningemwona yule kambare anarudi majini, na Shiro akisema bado tisa. Nikachukua fimbo nikaanza kufungua dirisha lake. Magugu hayajui sheria, na mizizi yake ilikuwa imeshikana. Nilivuta mpaka mikono ikachubuka. Baadaye nikasikia mtu anavuta upande wa pili. Alikuwa Nekesa. Hakuniomba kuvua pale hata mara moja. Alijifungulia la kwake mbali, karibu na mfereji, mahali pabaya, na kila siku tulipomaliza la Shiro ndipo tulipoenda kwake.

Toi ilikuwa imeungua na kibanda cha baba nacho. Alianza upya kwa mabati yaliyopinda kwa moto, akiyanyoosha kwa nyundo, na shule zilipofunguliwa watu walihitaji masanduku. Mteja mmoja alikuwa Kawangware. Nilimsumbua baba mpaka akasema sawa, twende, ukichoka usinililie. Asubuhi ya safari nilitoa jiwe la Shiro kizingitini nikalifunga kwa leso. Nekesa alinifuata hadi kwenye mkokoteni akanipa jiwe lingine, la Dam, lililochorwa duara kwa makaa.

"Ukifika Kabiro uniwekee kwetu," akasema. "Mlango wa bluu, nyuma ya kinu."

Tulishika barabara ya Ngong, baba akivuta, mimi nikisukuma na kukimbia mbele na kurudi nyuma. Sikuchoka. Niliogopa tu kwamba tutamkosa. Tulipofikisha sanduku, tuliuliza na kuuliza mpaka tukaelekezwa kwa shangazi muuza mboga, na hapo nje, juu ya gunia, Shiro alikuwa amekaa akichambua maharagwe. Alikuwa amekaa vile vile.

"Niaje, Theu," akasema, kana kwamba tuliachana jana.

"Poa."

Babake alitoka. Baba akaingiza mkono mfukoni akatoa ile kufuli. Alikuwa ameiunga kwa moto, mshono ukionekana, na ufunguo usingeingia tena kamwe. Alimpa akasema, "Mimi ndiye nilikata." Babake Shiro aliigeuzageuza kwa vidole vya fundi anayetazama kazi ya fundi mwenzake. "Karibu chai," akasema, wakaingia ndani.

Shiro aliuliza dirisha kwanza. Nikamwambia liko wazi, nalisafisha. Kisha akauliza kwao. Nikamwambia yote, kuhusu Nekesa na mamake na yule mdogo anayepanda jiwe kwa makalio. "Hawajaligusa," nikasema. "Wanaruka." Hapo Shiro alianza kulia. Alilia kama alivyovua, bila sauti, mikono ikiendelea na maharagwe. Nikampa jiwe lake. Nikampa na la Nekesa, nikamweleza mlango wa bluu, kwa sababu baba asingenipa muda wa kuutafuta. Alipitisha kidole kwenye lile duara. "Nitaweka," akasema. Sijui kama aliweka. Sijawahi kumwuliza.

Halafu akasema, "Alikuwa wa mdomo."

"Nani?"

"Yule kambare. Alikuwa amekubali."

"Kwa hivyo ulikuwa umeshinda!"

"Nilikuona unaangalia moshi, nikatoa ndoano haraka. Baba alikuwa amefunga vitu tangu asubuhi, tulikuwa tunangoja tu giza la kutoka. Ningefikisha kumi, ligi ingeisha. Mngetoa jiwe langu."

Nilisimama, nikakaa, nikasimama. Nilitaka kumpiga. Mimi niliyemheshimu! Alikuwa ameidanganya sheria niliyoipenda kuliko zote, tena kwa kujiibia mwenyewe, jambo ambalo hatukuwa tumelitungia adhabu kwa sababu hakuna aliyewahi kulifikiria. Na mimi nilikuwa nimepigana na Odhis kwa ajili ya tisa kwa tisa isiyokuwepo. Bingwa alikuwa anachambua maharagwe mbele yangu. Ukweli ulikuwa umepatikana hatimaye, safi, na mtu wa sheria kama mimi alipaswa kuukubali: Shiro kumi, mimi tisa, ligi imeisha, mawe yatolewe, Odhis avute vijiti.

Shiro alikuwa amelishika jiwe mapajani. Hakuniomba kitu.

"Ndoano mimi sikuiona," nikasema.

"Lakini nimekuambia alikuwa—"

"Sikuiona. Samaki ambaye refa hajaona hahesabiwi. Hiyo ndiyo sheria." Nikahama mguu huu na ule. "Bado tisa."

Alinitazama. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza kumwona Shiro anahangaika kutafuta mahali pa kuweka mikono yake.

"Tisa kwa tisa," akasema, akanirudishia jiwe nilirudishe dirishani.

Nililirudisha. Kina Shiro hawakurudi Kibera. Nekesa akaondoka siku moja na mamake, sisi tukakua, magugu yakashinda. Siku mashine zilipokuja kuparua ule ukingo nilikuwa mtu mzima mwenye kazi zake, na bado nilishuka na viatu vizuri matopeni nikaliokoa jiwe. Tangu hapo linakaa mlangoni kwangu.

Jana yule mtoto wa jirani alirudi. Alisimama mbali kidogo, maana ananiogopa sasa, akauliza hilo jiwe ni la nini. Nikamwambia kuna mtu hajamaliza kuvua. Akafikiri, akauliza kama anaweza kuingia.

"Ingia," nikamwambia. "Ruka tu."